Tuna Jeneza, Machela Iko Wapi?
Historia ya ambulensi za Edhi na funzo lake kwa vijana wa Kiislamu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni zake Allah (S.W.T), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ramadhan imetufikia tena, na mazungumzo misikitini ni ya futari, tarawehe na zakatul-fitri. Hayo ni mema, Allah atukubalie. Lakini kabla hujafungua ukurasa mwingine hebu nikuulize swali moja. Msikiti wa mtaani kwenu una jeneza? Bila shaka unalo. Liko pale pembeni, na kila mtu anajua ufunguo wa stoo anao nani. Sasa je, una machela? Mzee akianguka kwenye safu ya tarawehe usiku wa leo huku amejishika kifua, atabebwa na nani, kwa kitu gani, na apelekwe wapi? Hapo ndipo wengi wetu tutabaki kutazamana.

Yaani maiti tumemuandalia, na twafanya vizuri maana ni faradhi kifaya. Aliye hai bado anapumua, huyo tumemuachia bahati yake. Basi leo nataka tusome habari ya mtu mmoja aliyeiona kasoro hii mjini kwake, akaanza kuirekebisha akiwa na chumba kimoja na gari kuukuu. Jina lake ni Abdul Sattar Edhi wa Karachi, Pakistan. Ila kabla ya kufika Karachi, tupite Madina kidogo.

HEMA NDANI YA MSIKITI

Wazungu wakiandika historia ya ambulensi, wengi huanzia Ufaransa miaka ya 1790, kwa daktari wa jeshi aitwaye Dominique Jean Larrey. Huyu alitengeneza magari mepesi ya kukokotwa na farasi ili majeruhi watolewe vitani mapema, na akashika kanuni kwamba mwenye jeraha baya zaidi ndiye atibiwe kwanza, awe na cheo au asiwe nacho. Ni kazi kubwa, na haki yake apewe.

Lakini wewe uliyesoma sira madrasa unajua kwamba jambo hili lina mizizi ya kale zaidi. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (R.A) alipigwa mshale wa mkono ukamkata mshipa. Mtume (S.A.W) akaamrisha alazwe kwenye hema la bibi mmoja wa kabila la Aslam aitwaye Rufaida (R.A), hema lililokuwa pale pale msikitini, ili awe karibu naye na apate kumzuru. Fikiria hapo. Mahali pa kumtibu majeruhi palikuwa ndani ya msikiti wa Mtume, na anayetibu alikuwa mwanamke ambaye watu walimjua kwa kazi hiyo.

Wala hakuwa peke yake. Rubayyi bint Muawwidh (R.A) amesimulia kwamba wao wanawake walitoka na Mtume (S.A.W) vitani, wakiwapa watu maji na kuwarudisha majeruhi na waliouawa Madina. Ummu Atiyya (R.A) naye alitoka katika vita saba, akipika, akitibu majeruhi na kuuguza wagonjwa. Kumchukua majeruhi alipoangukia na kumfikisha anapoweza kutibiwa, hiyo si ndiyo kazi ya ambulensi? Basi tusiione kama kitu cha wageni. Ni urithi wetu, tumeuacha chini na wengine wakauokota.

KIJANA WA BANTVA

Abdul Sattar Edhi alizaliwa mwaka 1928 katika mji mdogo wa Bantva, huko Gujarat, India, katika jamii ya Wamemon. Wamemon ni wafanyabiashara mashuhuri, na hata hapa Mombasa tunao. Pwani ile ya Gujarat ndiyo ambayo majahazi yake yalikuwa yakija kwetu na pepo za kaskazi, kwa hivyo huyu tunayemzungumzia si mtu wa mbali sana.

Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba alipokuwa mtoto, mamake alimpa paisa mbili kila akienda shule, moja yake, na ya pili ampe mtoto mwenye shida. Akirudi anaulizwa, ile ya pili umempa nani? Ona malezi hayo, mama msomaji. Sadaka haikuwa jambo la kusubiri mpaka mtu atajirike. Ilianza na paisa, na ilikuwa na hesabu yake jioni.

Alipokuwa na umri wa miaka 11 mamake alipooza, na akili yake nayo ikaathirika. Edhi akawa ndiye wa kumuogesha, kumbadilisha nguo na kumlisha, mpaka mama akafariki. Baadaye alieleza kwamba miaka ile ndiyo iliyomfanya afikirie maelfu ya wengine walio katika hali kama ile lakini hawana mtoto wa kuwashika mkono.

Mwaka 1947 India ikagawanywa na Pakistan ikazaliwa. Mamilioni ya watu walihama, na Edhi na jamaa zake wakaingia Karachi kama wakimbizi. Alichuuza vitu barabarani, kisha akafanya kazi kwenye soko la nguo.

Jamii yake ya Wamemon ilikuwa na zahanati ya hisani, naye akajitolea humo. Lakini akaona jambo lililomkera: huduma zilikuwa za Wamemon peke yao. Kijana akasimama akapinga, kwamba sadaka haiwezi kuuliza kabila. Wakubwa hawakupenda, na mwisho akaondoka. Mwaka 1951 akafungua zahanati yake mwenyewe, chumba kidogo katika mtaa wa Mithadar. Usiku alikuwa akilala kwenye benchi la saruji nje ya mlango, ili mgonjwa akija saa nane usiku asimkose.

Alikuwa na miaka 23 tu. Wewe msomaji una mingapi?

GARI LA MASKINI

Mwaka 1957 homa kali ya mafua ilienea Asia nzima, na Karachi ikapigwa. Hospitali zilijaa. Edhi alipiga mahema nje, akawaweka wagonjwa humo na kuwatibu bila malipo, huku pembeni kukiwa na sanduku la anayetaka kuchangia. Watu wakamuona. Tajiri mmoja aliguswa na kazi ile akampa rupia 20,000, pesa nyingi mno kwa wakati ule.

Angeweza kupanua zahanati. Angeweza kupaka jengo rangi na kuandika jina lake mlangoni. Yeye alinunua gari kuukuu aina ya Hillman, akalifanya la kubebea wagonjwa na kuliita gari la maskini. Dereva ni yeye mwenyewe. Alizunguka nalo mitaani akiwafuata watu ambao hakuna aliyekuwa akiwafuata: mgonjwa aliyelala kando ya njia, mama mjamzito kwenye kibanda, na maiti asiye na jamaa.

Hilo la maiti lazima tulitaje. Karachi ilikuwa mji wa bandari uliojaa wakimbizi, na watu walikufa majini, relini na mitaroni bila kujulikana ni wa nani. Wengine waliokotwa wameoza. Edhi aliwaokota kwa mikono yake, akawaosha, akawavisha sanda na kuwazika. Mpaka leo kuna makaburi ya Edhi huko Karachi ambayo mengi yana nambari tu badala ya majina. Kwa hivyo usije ukadhani namdharau anayeshughulikia jeneza. Edhi alilishika jeneza na machela pamoja, na hilo ndilo funzo.

Katikati ya miaka ya 1960 akamuoa Bilquis, kijana muuguzi aliyekuwa akifanya kazi naye. Bi Bilquis akasimamia upande wa akina mama na watoto. Nje ya vituo vyao waliweka susu, na tangazo la kuwaomba watu wasiue mtoto, wamwache pale. Maelfu ya watoto waliokolewa hivyo. Kuna waliowashutumu kwamba wanahimiza zinaa. Jawabu lao lilikuwa kwamba mtoto hana dhambi, na anayetupwa jaani ni nafsi. Ndugu yangu, sisi tunaosoma At-Takwir na habari ya mtoto wa kike aliyezikwa hai atakayeulizwa aliuawa kwa dhambi gani, tuna hoja gani mbele ya susu lile?

KUTOKA GARI MOJA HADI MENGI

Hebu sasa tuangalie kazi yenyewe ilivyoendeshwa, maana huruma bila mpango haifiki mbali.

Kwanza, nambari ya simu ilikuwa moja, 115, rahisi hata kwa mtoto kuikumbuka. Pili, vituo vilitawanywa mijini na kando ya barabara kuu, ili gari litoke karibu na mgonjwa badala ya kutoka makao makuu. Tatu, magari yalikuwa madogo na ya bei nafuu, yanayopenya vichochoroni na kutengenezwa kirahisi. Nne, pesa zilitoka kwa watu wa kawaida. Edhi alikataa kutegemea pesa za serikali. Alikuwa tayari kukaa barabarani na kunyoosha mkono, na wapita njia wakampa chochote walichokuwa nacho.

Wakampa kwa sababu walimuamini. Alikuwa na jozi mbili tu za nguo, na alilala chumba kidogo karibu na ofisi yake. Mwaka 2014 majambazi wenye bunduki waliingia ofisi ile ile ya Mithadar wakapora pesa na dhahabu za amana, na umma ukajitokeza kuchanga upya. Jumuiya zetu zijiulize: sisi tukiibiwa kesho, watu watachanga, au watasema tumeziiba wenyewe?

Kufikia miaka ya mwisho ya uhai wake alikuwa na ambulensi zaidi ya 1,500 Pakistan nzima, na kitabu cha rekodi cha Guinness kilikuwa kimeitambua huduma yake kuwa kubwa zaidi duniani ya ambulensi za kujitolea. Mwaka 1986 yeye na Bi Bilquis walipewa tuzo ya Magsaysay huko Ufilipino. Tetemeko la Oktoba 2005 lilipoua makumi ya maelfu upande wa Kashmir, magari yake yalikuwa huko. Mwaka huo huo kimbunga Katrina kilipoipiga Marekani, mzee huyu wa jozi mbili za nguo alipeleka msaada wa dola 100,000. Na Karachi ilipokuwa ikipigana yenyewe kwa yenyewe miaka ya 1980 na 1990, ambulensi za Edhi ziliingia mitaa ambayo wengine waliiogopa.

Aliulizwa pia mbona anawabeba Mabaniani na Wakristo. Jibu lake, kwa maana yake, ni kwamba ambulensi yake ilikuwa na Uislamu kuliko huyo muulizaji. Ni maneno makali, lakini tukiyapima kwa Qur'an hayako mbali. Surat Al-Maida, aya ya 32, inatufunza kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Imesema nafsi. Haikutaja dini ya nafsi hiyo wala kabila lake.

RAMADHAN YA JOTO

Tukio moja lituguse zaidi sisi tunaofunga. Juni 2015, Ramadhan ilipoanza tu, joto kali lilishuka Karachi, nyuzi zikapita 40, na umeme ukawa unakatika. Zaidi ya watu 1,000 walikufa katika siku chache, wengi wao wazee, maskini na wafanyakazi wa juani. Magari ya Edhi yalibeba wagonjwa na maiti usiku na mchana, mpaka mochari yake ikajaa pomoni. Waliokuwa wakibeba nao walikuwa wamefunga. Wanavyuoni walisimama wakawakumbusha watu kwamba anayehofia maisha yake ana ruhusa ya kufungua. Kuna walioisikia rukhsa hiyo wakiwa wamechelewa.

Mwaka uliofuata, tarehe 8 Julai 2016, siku chache tu baada ya Idi, Edhi akafariki kwa maradhi ya figo. Alikuwa amepewa nafasi ya kutibiwa nje ya nchi akakataa, akataka atibiwe hospitali ya umma nchini kwake kama raia wengine. Aliusia macho yake wapewe vipofu, mas-ala ambayo wanavyuoni wametofautiana na si kazi yangu kuyaamua hapa. Alizikiwa na taifa zima, katika kaburi alilolichimba mwenyewe miaka mingi nyuma. Mwanawe Faisal akashika kazi, na mwaka 2020 maradhi ya korona yalipofanya watu waogope hata maiti za jamaa zao, watu wa Edhi waliosha na kuzika. Bi Bilquis naye alifariki tarehe 15 Aprili 2022, ndani ya mwezi wa Ramadhan. Allah awarehemu wote wawili.

Nisikufiche lakini. Simwandiki Edhi kumfanya walii. Ambulensi zake kwa miaka mingi zilikuwa za kubeba zaidi kuliko kutibu: dereva, machela na king'ora, bila mtu aliyesomea huduma ya dharura. Ndiyo maana mwaka 2004 jimbo la Punjab lilianzisha huduma ya Rescue 1122, yenye wafanyakazi waliofunzwa kumtibu mgonjwa pale pale alipo. Kwa hivyo funzo lina pande mbili. Gari lifike, na anayeshuka ndani yake ajue la kufanya.

NA SISI JE?

Kenya haikosi historia. Shirika la St. John liko hapa tangu mwaka 1928, na Msalaba Mwekundu wa Kenya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Lakini bomu lilipolipuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 na kuua zaidi ya watu 200, majeruhi wengi walifikishwa hospitali kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi. Raia walijitolea kwa moyo mkubwa. Moyo tulikuwa nao tele. Machela na mafunzo ndiyo yaliyopungua.

Tangu 2010 Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Hizo ni haki, na tuzidai. Lakini haki iliyoandikwa Nairobi haimbebi mgonjwa kutoka kisiwani Lamu usiku bahari ikiwa chafu, wala haimtoi mama mwenye uchungu wa uzazi kijijini ambako njia ni ya pikipiki. Baina ya kuanguka kwa mtu na kufika hospitali pana nafasi, na wa kuijaza ni jirani. Jirani ndiye wewe.

Kwa hivyo vijana, Ramadhan hii tufanye mambo manne. La kwanza, kila jumuiya ichague vijana kumi, wake kwa waume, wasomee huduma ya kwanza. Wajue kuubana kwa kitambaa safi mahali panapotoka damu nyingi. Wajue kwamba aliyezimia lakini anapumua hulazwa ubavu na hapewi maji. Wajue kwamba aliyegongwa na gari havutwi-vutwi ovyo, huenda uti wa mgongo umeumia. Na aliyeanguka hapumui, simu ipigwe na kifua chake kibonyezwe katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuachia mpaka msaada ufike. La pili, tununue machela na sanduku la dawa, vikae karibu na jeneza, na ufunguo ujulikane uko kwa nani.

La tatu, ubaoni msikitini iandikwe orodha ya wenye magari na boti walio tayari usiku, pamoja na simu ya ambulensi iliyo karibu. La nne ni damu. Hospitali zetu haziachi kuihitaji, na baada ya futari mtu ameshakula na kunywa, panga jumuiya yenu iende kutoa. Kuhusu zaka, waulizeni masheikh wenu inafaa wapi. Ama sadaka, mlango wake u wazi.

Na ndani ya nyumba zetu, tusione haya kumwambia mgonjwa wa sukari anayetetemeka na kutokwa na jasho alasiri kwamba afungue. Akiwa na fahamu zake apewe kitu kitamu mara moja. Allah mwenyewe amemruhusu mgonjwa alipe siku nyingine, sisi ni nani tumnyime?

Mtu mmoja alianza na benchi la saruji nje ya mlango. Sisi tuna misikiti yenye mazulia, feni na vipaza sauti. Idi ikifika na stoo ile bado ina jeneza peke yake, tusimlaumu mtu wa mbali.

Ewe Mola, zikubali saumu zetu na visimamo vyetu, wape wagonjwa wetu shifaa, warehemu waliotutangulia, na utujaalie kuwa sababu ya uhai kwa waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.